Mrejesho: matumbawe yangu yaliyokuwa yanapauka

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kwa nini matumbawe ninayofuga kwenye tangi la maji ya chumvi yanapauka kuanzia chini kwenda juu ilhali naitreti na fosfeti (virutubisho vya majini) zinasoma sifuri. Wengi mlijibu kwamba sifuri yenyewe ndiyo tatizo, kwa kuwa ule mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe nao unahitaji kula. Basi nimeongeza chakula cha samaki na kupunguza saa za mtambo wa povu (unaotoa uchafu majini). Naitreti sasa ni kama 5 mg/L, fosfeti 0.05 mg/L. Ilianza kurudi rangi ya kahawia (isiyovutia, lakini ni dalili njema), kisha kijani kwenye ncha.

Aliyenisisitiza nipime alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) kila siku saa ileile, ubarikiwe sana. Ilikuwa inayumba kati ya dKH 7 na 9.5. Sasa pampu inatia dozi ndogondogo za kuongeza alkalini usiku na imetulia kwenye 8. Kalisiamu 420 na magnesiamu 1300 sijazigusa. Maji yanayopungua kwa mvuke nayafidia kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, maana chumvi haipandi na mvuke, inabaki tangini.

Lile tumbawe la matawi lilikuwa limebaki mfupa mweupe upande mmoja. Leo kuna ukingo mwembamba wa nyama mpya unaoutambaa. La pembeni halikupona, nimelitoa kabla halijachafua maji.

Kioo nacho kimeanza kushika mwani; konokono wana kazi.