Kombaini kuukuu inapasua soya na nyingine zinabaki chini

Mkulima_Mpeketoni:
Salaam aleikum. Tumekodi kombaini ya zamani ya silinda (pipa linalozunguka na kupura), ilikuwa kwenye ngano kabla ya kuletwa huku Lamu. Soya ndani ya tangi zimepasuka sana, na nyuma ya mashine ardhi imejaa punje. Dereva ataka kuongeza kasi ya feni ya kupeperusha makapi. Tuanzie wapi?

Fundi_Hindi:
Waaleikum salaam. Feni iacheni. Hiyo bado imetegwa kwa ngano, silinda inakimbia mizunguko elfu moja hivi kwa dakika. Soya yataka 400 hadi 600. Teremsha kidogo kidogo mpaka maganda yaanze kutoka hayajafunguka, kisha pandisha kidogo tu. Konkevu, ile grili ya chini ya silinda, ipe nafasi ya milimita 20 hivi mbele na 12 hivi nyuma. Tazama pia elevata ya marejeo, ile inayorudisha kwenye silinda yasiyopurwa vizuri: ikiwa imejaa punje safi, chekeche la chini limefungwa mno na soya inapurwa mara ya pili. Hapo ndipo nyingi hupasuka.

Shamba_Witu:
Naongezea: msilaumu nyuma kabla ya kupima. Simamisha mashine katikati ya mstari, rudi nyuma mita 5, uzime injini. Hesabu punje za mita moja ya mraba mahali pa tatu: kwenye soya isiyokatwa, pale kisu kilipokwisha pita lakini mashine haijafika, na nyuma kabisa. Punje 40 ni hasara ya kama kilo 25 kwa ekari. Mara nyingi hasara kubwa iko mbele, kwenye kisu. Meno butu hutikisa shina badala ya kulikata, na ganda kavu hufunguka. Badilisha meno yaliyolika, nyoosha gadi (vidole vya chuma vya kisu) zilizopinda, kata chini ya sentimita 10. Rili, ile ya mbele inayozunguka na kuvutia mimea kwenye kisu, izidi mwendo wa mashine kidogo tu. Ikipiga kwa kasi, inapura shambani. Mwendo usizidi kilomita 5 kwa saa.

Mkulima_Mpeketoni:
Shukrani. Na saa ya kuvuna? Asubuhi umande ni mwingi.

Fundi_Hindi:
Ngoja umande ukauke. Shina bichi huzunguka silinda na kukaza mikanda. Punje zikiwa na unyevu wa asilimia 13 ni sawa; chini ya 11 zapasuka hata ukirekebisha vipi. Adhuhuri ganda likifunguka kwa kuguswa tu, pumzikeni hadi jioni.

Kama mwaweka mbegu, tia punje 100 nzima katika dawa ya kung'arishia nguo iliyozimuliwa kwa maji mengi, dakika 5. Zenye ngozi iliyochanika zitavimba upesi. Zikizidi 10, punguza silinda tena.

Shamba_Witu:
Na jioni ondoeni vumbi kwenye rejeta na bomba la moshi, soya kavu hushika moto. Cheni zipakwe mafuta kila siku, hewa ya chumvi ya huku haichelewi kuzitia kutu.