Kiarabu: tuanze na nahau (sarufi) au tuanze na kuongea? Mnaofundisha karibuni

Mleta mada:
Wakuu salaam. Hili limenikaa rohoni siku nyingi acha leo nilitoe. Hivi inakuwaje mtu anasoma Kiarabu miaka minne, mubtada na khabari (kiima na kiarifu) anakuchambulia usiku wa manane, hii marfuu hii mansubu (miisho ya maneno kisarufi), halafu ukimwambia haya nieleze jana ulifanya nini anaanza kutokwa jasho? Mimi nilikuwa huyo mtu. Siku ya kwanza kukutana na Mmisri kazini nikajipanga nikamuuliza "mataa yabda'ul-ijtimaa'u", kikao kinaanza saa ngapi, irabu zote mahali pake, jamaa akatabasamu akanijibu neno moja tu, "dilwa'ti". Nikabaki namtazama. Kumbe ndo sasa hivi! Mimi nilifundishwa al-aan, baadaye nikaja kujua Mshami (mtu wa Syria au Lebanon) anasema halla', mtu wa Ghuba al-hiin, Mmoroko daba. Miaka minne na "sasa" ya mtu wa kawaida sijawahi kuisikia.

Kwa hiyo msimamo wangu, mwanafunzi achague lahaja moja aanze kuiongea wiki ya kwanza, na fus-ha, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni, iende pembeni yake kwa kusoma na kuandika. Waarabu wenyewe ndo walivyo, mkono fus-ha, mdomo lahaja. Mwanaisimu Ferguson mwaka 1959 aliandika makala kuhusu jamii zenye lugha ya juu na lugha ya chini na Kiarabu kilikuwa mmoja wa mifano yake minne, sio jambo nimelitunga mimi. Nani anagombana na mkewe kwa fus-ha? Na huyu bwana Zaidi wa kwenye sentensi za mfano, anayempiga Amri kila kitabu cha nahau, karne na karne Amri anapigwa tu na kosa lake hatujaambiwa mpaka leo.

Jibu:
Mkuu nakubali nusu. Lahaja ipi sasa? "Nataka" Mmisri anasema aayiz, Mshami biddi, wa Ghuba abgha, Mmoroko bghit. Nikikaririshwa aayiz halafu riziki ikanipeleka Moroko unanirudishia muda wangu? Uriidu, "nataka" ya fus-ha, ataielewa Mwarabu yeyote aliyepita shule. Magazeti fus-ha, taarifa ya habari fus-ha, hata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilivyokifanya Kiarabu lugha rasmi 1973 hawakuchukua ya sokoni. Halafu wengine tunakisoma kwa ajili ya Qur'ani, mambo ya kugombana na mke kwa Kiarabu hatuna.

Shida sio fus-ha, shida ni kipindi kizima Kiarabu kinaelezewa kwa lugha nyingine. Fus-ha inaongeleka vizuri tu, ukisimama mwisho wa neno unaacha irabu, watangazaji wenyewe wanafanya hivyo.

Jibu:
Mnabishania mdomo tu, kuandika mmekutupa. Mimi nafundisha hiki kitu. Herufi 28 sio kazi, zile sita zisizoungana na ya mbele yake (alifu, dali, dhali, re, ze, wau) mtu anazizoea haraka. Kazi inaanza ukitoa irabu. Mwandikie mwanafunzi كتب bila kitu chochote juu wala chini: ni kataba, aliandika? Ni kutiba, iliandikwa? Au kutub, vitabu? Lazima kwanza uelewe sentensi ndo uweze kuitamka, sasa mtu ambaye masikio yake hayana maneno ataelewa na nini? Ndo maana nasema anayesikia kidogo ataandika vibaya hata umfundishe nahau mpaka nywele ziote mvi.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati bana. Kitabu, katibu, maktaba, mzizi mmoja na tumezaliwa nao, dh na th na gh hazitusumbui. Tunaangukia kwenye ح na ه, ص na س, ط na ت. Nina mwanafunzi aliandika kwenye insha kwamba kila asubuhi anakula udongo, alitaka tini, lile tunda, ت akaiandika ط ikawa udongo. Nikampa maksi ya ujasiri. Hiyo dawa yake imla, unasoma yeye anaandika, kila siku, na sio neno mojamoja. Halafu sentensi tatu za kwake mwenyewe tangu mwezi wa kwanza, akimaliza karatasi inafungwa anasimama anazisema.

Mleta mada:
Ustadhi hapo kwenye sentensi tatu sina ubishi, mimi insha ya kwanza niliandika mwaka wa tatu. Na mkuu wa Qur'ani hapo juu, ukikisoma kwa hilo tu basi baki na fus-ha yako, mimi naongelea mtu anayetaka kuishi na watu. Maana hata kuandika kwenyewe siku hizi kumebadilika, Mwarabu akikutumia meseji anaandika lahaja, mara nyingine kwa herufi za Kilatini na namba humohumo, 3 ni ain, 7 ni ha ya ح, 2 ni hamza. Amekuandikia "3ayez eh", anakuuliza unataka nini, uriidu yako inakusaidia wapi?

Ustadhi nikuulize, kwenye hizo sentensi tatu mwanafunzi akichomeka neno la lahaja unamkata?

Jibu:
Kwenye karatasi namkata. Akisimama akalisema namwacha aendelee, nikimkatiza pale kesho hafungui mdomo.

Jibu:
Haya nyie wawili mmeshaelewana. Mimi bado sijajibiwa, lahaja ipi?