Kazi mpya Masaki, makazi Chanika: kubaki, kusogea Tabata au kuhamia Mwananyamala?

Mpangaji_Chanika: Wakuu, kazi ni Masaki, hapa Dar es Salaam, Jumatatu hadi Jumamosi, kuingia saa 2 kamili asubuhi. Majaribio miezi 3. Kwa sasa ni chumba na sebule Chanika, pango 60,000. Naombeni ulinganisho wa maana, ile ya "utazoea tu" tuiache.

Hesabu_za_Pango: Mkuu, wengi hulinganisha pango kwa pango wakakosea. Chukua mfano huu. Chanika: pango 60,000, nauli tuseme 4,000 kwa siku mara siku 26, yaani 104,000. Jumla 164,000. Mwananyamala: chumba cha master 150,000, nauli 1,200 kwa siku (31,200), na hela ya dalali, ambayo ni kodi ya mwezi mmoja, ukiigawa kwa miezi 6 ni 25,000. Jumla 206,200. Tofauti ni 42,200 kwa mwezi. Ukiokoa saa 3 kila siku, hizo ni saa 78. Kila saa unainunua kwa kama shilingi 540. Si ghali hata kidogo. Shida ni mkupuo: kodi ya miezi 6 kwa mpigo na dalali ni 1,050,000, kirikuu ya kubebea vitu bado, na mshahara wa kwanza hujauona.

DadaWaSegerea: Tabata ondoa kwenye orodha. Foleni haiko kwenye kilomita utakazopunguza. Chanika hadi Gongo la Mboto asubuhi na mapema gari linatembea. Mkwamo unaanza ukikaribia TAZARA na Buguruni, na ukitokea Tabata bado una Barabara ya Mandela mbele yako. Utalipa pango la mjini na foleni juu.

Mkataba_Kwanza: Kabla ya kulipa miezi 6, kumbuka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kwa hiyo kumaliza majaribio ya miezi 3 hakujakuweka salama. Tafuta mkataba wa pango wa miezi 3, hata kama pango linapanda kidogo.

Mpangaji_Chanika: Na mwenye nyumba akikomalia 6?

Mkataba_Kwanza: Omba kiandikwe kipengele kwamba ukitoa notisi ya mwezi mmoja, kodi iliyobaki inarudishwa au unaruhusiwa kuleta mpangaji mwingine. Maneno ya mdomo hayarudishi hela. Saini mbele ya shahidi, na risiti iwe na jina la mwenye nyumba, si la dalali.

Bonde_Sio_Mchezo: Mwananyamala si moja, ndugu. Upande wa Mto Ng'ombe maji huingia ndani masika, Machi hadi Mei. Ukitafuta na maeneo ya jirani, Hananasif iko bonde la Msimbazi, na Msasani Bonde la Mpunga jina lenyewe limeshasema. Angalia alama ya maji ukutani, ngazi za mlangoni zilizoinuliwa kuliko kawaida, na rangi mpya iliyopakwa chini tu. Halafu muulize muuza genge jirani, usimuulize dalali.

DadaWaSegerea: Nenda pia jioni, umeme na maji vijulikane. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni ya peke yako au ya kushea? Ya kushea na mwenye friji mbili utamlipia. Maji ya DAWASA hutoka siku gani, na kisima kina chumvi? Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, mkubaliane mapema anakurudishiaje.

Hesabu_za_Pango: Kama Chanika ungekuwa kwenye nyumba yako mwenyewe na watoto wako darasani, ningesema wao wabaki hadi Desemba, wewe uchukue chumba kimoja tu, maana mwaka wa shule unaanza Januari. Kwa mpangaji asiye na mzigo huo: hama, ila kwa mkataba wa miezi 3. Na usitoe notisi Chanika kabla funguo mpya haziko mkononi.