Shule mbili zimeniita Jumamosi moja, na watoto ni wanne

Mama Wanne, Umoja:
Wazazi wenzangu, hamjambo? Jumamosi hii kijana wangu wa Kidato cha 3, aliye bweni huko Thika, ana siku ya wazazi. Siku hiyo hiyo, hapa Umoja, wasichana wawili nao wananingoja: mmoja Gredi ya 9, mwingine Gredi ya 5. Wa PP2, yaani chekechea, nilimaliza naye getini kwa dakika tano, nikaambiwa ninunue krayoni nyingine kwa sababu zake anazila.

Baba yao ni dereva wa trela, saa hii yuko njia ya Malaba. Mimi nauza mitumba Gikomba, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja, kwa hivyo hasara nimeshaikubali.

Muhula uliopita nilianza na Thika. Nikashika Outering hadi Allsops, nikapanda gari la pili, na kufika saa tatu nikakuta foleni ya mwalimu wa hesabu imezunguka darasa. Niliingia Umoja saa kumi. Yule wa Gredi ya 5 nilimkuta peke yake darasani, madaftari ameyapanga juu ya dawati, kiti amenivutia kando yake. Mwalimu alikuwa ameenda. Hakulia. Alinifungulia daftari moja moja, akinieleza kama yeye ndiye mwalimu.

Huyo hana shida shuleni, na ndiyo maana kila muhula yeye ndiye huachwa. Nimtume mjomba wao Thika?

Mwalimu wa Chaki:
Mama, mimi nafundisha sekondari msingi. Wa Gredi ya 9 usimkose, mwaka huu ni wa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Na usiulize tu habari ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9. Huo unabeba asilimia 60 ya alama zake za mwisho, mtihani wa KPSEA aliofanya Gredi ya 6 una 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina 20. Omba uonyeshwe alama za hizo tathmini. Wazazi wengi hawaulizi.

Thika mpigie mwalimu wa darasa, uombe siku ya katikati ya wiki, baada ya vipindi. Sisi wenyewe hupenda hivyo. Jumamosi nikishaongea na mzazi wa 40, hata majina ya watoto yananichanganya.

Baba Mapacha:
Mjomba! Mimi nilimtuma shemeji. Kijana alikuwa na D ya kemia, shemeji akarudi akasema "wako sawa kabisa." Kumbe pia alisaini kwamba nitachangia basi la shule. Ukimtuma, mwandikie maswali kwenye karatasi, na kalamu ubaki nayo.

Shosho wa Kayole:
Mwanangu, mimi kwa hilo la katikati ya wiki nasita. Mtoto wa bweni siku hiyo husimama akiangalia geti. Wenzake wakila na mama zao, yeye ataenda wapi? Masomo yataongelewa siku nyingine, lakini mtu wa kwao lazima afike.

Mama Wanne, Umoja:
Asanteni. Shosho, hilo la geti limenikosesha usingizi.

Nimempigia mwalimu wa Thika, amekubali Jumanne saa kumi, siku ambayo hata Gikomba huwa hakuna mtu. Jumamosi saa mbili kamili naanza na Gredi ya 5, kabla ya dada yake. Dada amenuna, eti yeye ndiye ana mtihani. Nimemwambia asubiri nusu saa, mwenzake amesubiri mihula mitatu.

Mjomba anaenda Thika na chapati kumi na kuku nusu. Aketi na kijana, wale pamoja, basi. Nimemkataza kushika kalamu.