Mtoto wa kaka ameitwa kucheza kikapu Marekani: aje kwa karatasi gani?

Hamjambo wana jumuiya.

Mtoto wa kaka yangu yuko Dar, kidato cha tatu, miaka 16, na urefu ameshapita mita mbili. Kuna bwana mmoja amemwona mazoezini, anasema atamtafutia sekondari huku Marekani, kisha chuo kikuu kwa ufadhili. Anataka pesa ya kufungua faili kabla mwezi haujaisha. Kaka ananipigia kila jioni kwa kuwa mimi ndiye niliye huku. Mwenye kujua anieleze: mtoto akija, anakuja kwa karatasi gani? Na hizi habari kwamba wachezaji wa vyuo siku hizi wanalipwa mamilioni, ni za kweli?

Shangazi, Columbus

---

Dada, pesa usitume kwanza. Njia yenyewe ipo, na mtu wetu ameshaipita: Hasheem Thabeet alitoka Dar, akamalizia sekondari hapa Houston, akaenda chuo kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 timu ya Memphis wakamchukua wa pili katika uteuzi wote wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Lakini kuna vijana waliofikishwa huku, yule aliyewaleta akazima simu, wakabaki wanalala sebuleni kwa watu. Subiri walioko kwenye miji ya vyuo wakujibu.

Kaka, Houston

---

Shangazi wa Columbus, salaam.

Nakujibu kutoka Lexington. Hapa Kiswahili unakisikia sokoni na kanisani kwa sababu ya ndugu zetu wengi kutoka Kongo, na chuo kikuu cha Kentucky kimechezewa na kijana wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe. Habari zake zinajibu maswali yako yote mawili, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tshiebwe alifika Marekani mwaka 2015 akiwa bado kijana wa sekondari. Alisoma Virginia, akamalizia Pennsylvania, akaanza chuo West Virginia mwaka 2019, na Januari 2021 akahamia Kentucky. Msimu wa 2021/22 alikuwa na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1 kwa mechi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtu kurusha na kukosa. Watu walikuwa wakitazama mpira uliorushwa, yeye alikuwa anamtazama mtu aliye karibu naye: anamwekea mgongo, anapanua viwiko, anajichimbia pale chini ya ubao, na mpira ukirudi hakuna mwingine mwenye nafasi ya kuruka. Siku moja alidaka ribaundi 28 katika mechi moja. Mwaka huo alitangazwa mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima.

Sasa hapo ndipo karatasi inapoingia. Tangu Julai 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hapa Marekani, inaruhusu mchezaji wa chuo alipwe kwa matangazo, kwa jina lake na sura yake. Wenzake wazaliwa wa hapa walikuwa wanasaini mikataba hadharani. Tshiebwe alikuwa na viza ya mwanafunzi, F-1, na F-1 haikuruhusu kufanya kazi unavyotaka ukiwa ndani ya Marekani. Agosti 2022 Kentucky walikwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, na huko, nje ya mipaka, ndiko alikofanyia kazi zake za matangazo. Fikiria: mchezaji bora wa nchi, anayejulikana na kila mtoto wa Kentucky, analazimika kuvuka bahari ili apigwe picha ya kulipwa. Mimi naona ni dhuluma kwa vijana wanaotoka mbali, na sheria hiyo ya uhamiaji inafaa irekebishwe. Lakini mpaka irekebishwe, kijana wetu akisaini tangazo kabla ya kumuuliza afisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo na wakili wa uhamiaji, anaweza kupoteza viza. Mambo hayo yanabadilika, aulize kila mwaka.

Na mamilioni yenyewe si ya kila mtu. Tshiebwe huyohuyo, pamoja na tuzo zote hizo, katika uteuzi wa NBA wa 2023 hakuna timu iliyomwita. Indiana walimpa mkataba wa kugawana muda kati ya timu kubwa na timu yao ya ligi ya chini, baadaye akaenda Utah. Ndiyo maana nakwambia shule ipewe uzito uleule wa mazoezi.

Kuhusu huyo bwana wa faili. Karatasi inayotangulia viza ni fomu ya I-20, na hiyo inatolewa na shule yenyewe. Dalali hana uwezo wa kuitoa. Mkiipata, msiishie kwenye jina la shule. Shukeni mpaka sehemu ya gharama. Pameandikwa ada na gharama za kuishi, na pembeni yake fedha zinatoka kwa nani. Pakiandikwa kwamba familia ndiyo inayolipa, basi ufadhili hakuna, hata aape vipi. Pigeni simu shuleni kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si aliyowapa yeye. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, na mnailipa wenyewe kwa mtandao. Tena mjue shule ya sekondari ya umma kwa F-1 haizidi miezi 12, na mwanafunzi hulipa gharama yote. Ndiyo maana wengi hupelekwa shule binafsi. Ulizeni atalala kwa nani, na huyo mtu mzungumze naye kwa video akiwa nyumbani kwake.

Vyeti vya Dar vitunzwe tangu sasa, ripoti za kila muhula. Kwa vyuo vya daraja la kwanza, vile vya ngazi ya juu kimchezo, NCAA inataka masomo 16 ya msingi ya sekondari yenye wastani usiopungua 2.3 kati ya 4, na masomo ya huko nyumbani hukaguliwa pia. Shule ya huku ikitaka kumrudisha darasa nyuma ili akomae kimchezo, mwambie kaka akatae mpaka NCAA waulizwe, maana mwaka huo unaweza kumgharimu nafasi ya kucheza chuoni.

Mzee, Lexington

---

Shikamoo Mzee, Mungu akuzidishie. Kaka nimemsomea yote kwenye simu, na yule bwana tumemwomba I-20 kwanza. Swali moja limebaki: mtoto akivunjika goti, hospitali analipa nani?

Shangazi

---

Marahaba. Akiwa chuo cha daraja la kwanza, tangu Agosti 2024 chuo kinatakiwa kumlipia matibabu ya majeraha ya mchezo, na hata miaka miwili baada ya kuondoka. Akiwa sekondari hakuna kanuni kama hiyo. Shule iwape bima kwa maandishi, na msome kama inataja michezo ya mashindano, kwa sababu bima nyingi za wanafunzi wa kigeni zinayaacha nje.

Mzee