Binti Aliuliza Mwalimu, Hakuuliza Shangazi

Assalamu alaykum wanajukwaa. Kikao cha wazazi kimemalizika alasiri hii na bado natetemeka. Bwana mkubwa, ambaye hana haja ya kutajwa kwa kuwa tumbo lake hutangulia kufika nusu saa kabla yake, ametuvunjia heshima mbele ya watoto wetu. Binti wa kidato cha tatu alisimama kwa adabu zote, akauliza ni lini watapata mwalimu wa fizikia, na kama yumkini awe mwanamke, maana tangu aingie sekondari hajamwona mwanamke akifundisha sayansi. Bwana akamjibu: "Unataka fizikia au unatafuta shangazi?" Kisha akaangua kicheko cha kuwaamsha popo wote wa hifadhi ya Kidike hapa Pemba.

Shangazi! Kila mtu anajua kwamba walimu wa sayansi na hisabati ni haba Zanzibar, na kwamba anayepangiwa huku Micheweni hukuta hana nyumba ya kukaa, akaanza kutafuta uhamisho wa Mjini kabla hajafungua begi. Fizikia yetu inafundishwa na mwalimu wa historia, mtu mwema, ambaye juzi alichora sakiti ubaoni akasahau betri, na darasa zima likainakili hivyo hivyo. Lakini mtoto akiuliza, anatafuta shangazi!

Mzee wa Wete: Nilikuwepo. Mbona wewe ulikaa mstari wa mbele na ukatabasamu?

Bint Konde: Shangazi yangu ana shahada ya hisabati na anauza urojo akisubiri ajira. Bwana akimtaka, kesho namleta.

Mtumbatu: Nyinyi mna hata huyo wa historia. Kwetu kisiwani Tumbatu bahari ikichafuka, mwalimu anayelala ng'ambo havuki, na watoto hujifundisha wenyewe.

Mkaazi wa Mjini: Msidhani huku ni peponi. Walimu wote waliomfundisha mwanangu skuli ya msingi ni wanawake, naye sasa anaamini kwamba ualimu ni kazi ya akina mama. Isitoshe, amepangiwa mkondo wa mchana, yaani zamu ya pili baada ya wale wa asubuhi kutoka, juani.

Mwenye uzi (aliyeanzisha mjadala): Ndugu zangu, tulikuwa kwenye shangazi.

Mtumbatu: Mkondo wa mchana una afadhali gani? Wangu akitoka skuli, chuoni kwa Kurani wamekwisha kusoma.

Bint Konde: Wa kwangu husinzia darasani tangu saa nane, na mwalimu mwenyewe, aliyeanza na mkondo wa asubuhi, husinzia naye.