Tupeane uzoefu: faili za kompyuta za zamani na visa vya mwisho wa mstari

Wakuu, salaam. Jana faili moja kutoka diski ya Macintosh ya miaka ya 1990 imenitoa jasho. Nikiifungua, maandishi yote mstari mmoja, mrefu kama reli. Nikapiga `wc -l` ihesabu mistari: 0. Kumbe Mac za zamani zilimaliza mstari kwa CR peke yake (alama namba 13), Unix hutumia LF (namba 10), DOS na Windows huweka zote mbili. Dawa ni hii, inageuza kila CR (`\r`) kuwa LF (`\n`):

`tr '\r' '\n' < zamani.txt > mpya.txt`

Kabla sijaijua, nilishagonga Enter kwa mkono kurasa tatu nzima. Chekeni tu. Wenzangu yamewakuta yapi?

skripti_mbovu: Mimi niliandika skripti kwenye Windows, nikaipeleka kwenye seva ya Linux, ikagoma: `/bin/sh^M: bad interpreter`. Nikakagua /bin/sh, ipo. Ile ^M nikaipuuza, nikidhani ni uchafu wa skrini. Ndiyo CR yenyewe! Linux ilikuwa inatafuta programu yenye CR mkiani. dos2unix, programu ya kuondoa hizo CR, ikamaliza kazi.

mzee_wa_diski: DOS mnaionea, ilirithi kwa CP/M, mfumo wa kompyuta uliotangulia. Asili ni teletype, mashine za kuchapa ujumbe kutoka mbali: CR inarudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, LF inasogeza karatasi. Kazi mbili, alama mbili. Mac ikahamia LF na Mac OS X mwaka 2001. Notepad ndiyo ilichelewa, LF pekee imeanza kuielewa 2018!

Langu mimi ni FTP, njia ya kuhamisha faili kati ya kompyuta. Nilihamisha picha kutoka Unix kwenda Windows nikasahau kuitoa kwenye hali ya maandishi. Kila baiti yenye thamani ya 10 (LF) ndani ya picha ikabandikwa 13 (CR) kabla yake. Hazikufunguka hata moja, na za asili nilishazifuta.

baiti_nane: Pole mzee. Ndiyo maana faili za picha za PNG huanza na baiti 137 80 78 71 13 10 26 10. Hiyo 13 10 imetegwa pale makusudi: ikiguswa tu, programu inajua faili limeharibiwa njiani.

skripti_mbovu: Na 26?

baiti_nane: Ctrl-Z, alama ya mwisho wa faili kwenye DOS. Imeshanitia aibu. Niliunganisha faili 12 za DOS kwa `cat`, nikazirudisha kwenye programu ya zamani, ikasoma ya kwanza na kusimama. Siku hizi nafuta CR na Ctrl-Z kwa mpigo: `tr -d '\r\032'` (032 ni 26 kwa hesabu ya msingi wa nane).

Ila mtoa mada, tr yako ukiitumia kwenye faili la DOS utapata mstari mtupu kila baada ya mstari. Anza na `od -c` uone kilichomo.

Mtoa mada: Nimepiga od -c kwenye diski ya pili. Faili moja, juu ni \r, kuanzia katikati ni \r\n. Sijui nani aliligusa. Narudi kazini.